Mgonjwa wa Mama Binti

Mvuke wa sabuni hauna haraka. Unatoka kwenye sufuria, unazunguka kidogo juu ya mdomo wake kama mtu anayetafuta alichosahau, ndipo unapanda, unavuka ukuta wa matofali mabichi na kwenda zake kuelekea mtoni. Safiya alikuwa amekwisha kuuzoea. Saa tano kwa siku alisimama mbele yake, mwiko mrefu mkononi, akikoroga. Na kwa kuwa mkono wake ulijua kazi bila kuulizwa, macho yake yalikuwa na ruhusa ya kwenda yanakotaka.

Zamani yalikwenda mbali. Aliona ndani ya mvuke nyumba yenye sakafu ya saruji. Aliona Amuri, mume wake, akishuka kutoka lori la Banalia, alikokwenda kutafuta riziki, akiwa mzima, bila vumbi hata kwenye kope. Lakini tangu mvua za mwaka jana alikuwa akiona kitu kimoja tu, mashine. Ilikuwa pipa la bati linalong'aa, lenye mkono wa chuma ndani yake, na mkono huo ulizunguka wenyewe, taratibu, huku Safiya ameketi kivulini akinyonyesha. Moshi haukumfika machoni. Nyota, binti yake wa miezi kumi na minne, hakuwa anakohoa. Kila alipofika hapo Safiya alishusha pumzi ndefu, na Odile alijua.

Odile alikuwa jirani yake na mwenzake wa kazi. Kila asubuhi alipita kwa wanawake wanaouza lituma, ile ndizi ya kuponda ambayo Kisangani haiwezi kuamka bila yake, akakusanya maganda. Maganda yalikauka, yakachomwa, majivu yakawekwa kwenye ndoo yenye matundu, maji yakapita humo tone kwa tone, na hayo maji makali ndiyo yaliyogeuza mafuta ya mawese kuwa sabuni.

"Umefika?" Odile aliuliza akisikia ile pumzi.

"Nimefika. Tuko tunakunywa chai."

"Muniachie kikombe."

Odile alidhani ni ndoto kama ndoto nyingine, na Safiya alimwacha adhani hivyo.

Habari ya mashine aliipata darasani. Jioni tatu kwa wiki alivuka mto kwenda kwenye masomo ya watu wazima, mahali ambapo wauza samaki na mafundi cherehani walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Siku moja Mwalimu Sandrine aliandika ubaoni maneno mawili ya Kifaransa, crédit d'impôt, akapiga mstari chini yake.

"Musiogope," alisema. "Hii hapana deni. Mutu ya biashara ananunua chombo ya kazi. Bon. Serikali inamuambia, sehemu ya ile pesa tutaikata kwa kodi yako, mwaka huu na mwaka ujao. Donc, unalipa kodi kidogo, sababu ulinunua chombo."

Na kulikuwa na zaidi. Serikali ilikuwa imefungua mfuko wa kusaidia biashara ndogo, na mfuko huo ulilipa nusu ya bei ya mashine. Masharti yalikuwa matatu tu. Mtu awe amelipa patente, ile kodi ya mwaka ya wafanyabiashara wadogo. Ajaze fomu. Kisha mjumbe wa mfuko aje aone kwa macho yake kazi ikiendelea mahali pake.

Darasa zima liliguna kwenye neno patente. Safiya hakuguna. Yeye alikuwa nazo mbili, za miaka miwili, zimekunjwa ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga ya Nyota. Alikuwa amelipa kwa sababu alipenda ule muhuri wa zambarau. Ulimfanya ahisi kwamba mahali fulani, katika kitabu fulani kikubwa, kulikuwa na mstari wenye jina lake.

Alijaza fomu kwa mwandiko wake mzuri, akaipeleka, na hakumwambia mtu. Odile alikuwa na moyo mweupe na mdomo usiofungwa. Amuri alikwisha kusema kwenye simu, siku Safiya alipoigusia habari hiyo, "Leta itoe pesa? Labda Leta ya watu wengine." Leta, ndivyo watu wanavyoita serikali, na kila mtu mwenye mkoba na muhuri.

Wa tatu ambaye angemwambia alikuwa Mama Binti, mama mkwe wake, mwenye ua huu na mwenye sufuria hii, maana ilikuwa sufuria aliyopikiwa pilau ya harusi yake. Lakini Mama Binti alikuwa na historia na Leta. Wakati Amuri bado mdogo, mama yake alikuwa akiuza mafuta na kushona nguo barazani. Watu watatu wenye mikoba walikuja wakauliza ana nini. Mama Binti hajui kusema uongo. Aliwaonyesha vyote, hata vile vya chini ya kitanda. Waliondoka na mizani na cherehani, wakasema ni kodi, na hawakuacha karatasi. Tangu siku hiyo kila mwenye mkoba akipita, Mama Binti alisimama mlangoni mpaka mgongo wa mtu huyo upotee.

Safiya aliona ni bora tumaini lake likae kimya kwanza, kama maji kwenye ndoo ya majivu, mpaka lidondoke lenyewe.

Ujumbe uliingia kwenye simu siku ya Jumanne. Mjumbe anaitwa Lambert. Atavuka kesho kuja Lubunga, upande wao wa mto, kwa mtumbwi wa saa tatu, atarudi saa sita, na orodha inafungwa siku hiyo hiyo jioni. Hakutakuwa na siku nyingine.

Asubuhi ya Jumatano Safiya aliwasha moto mapema kuliko kawaida. Mafuta yalipokwisha kushikana na maji ya majivu, na sabuni ikaanza kuwa nzito kama uji, alimpa Odile mwiko. Alifunga liputa lake, kitenge cha maua ya buluu, kile cha sikukuu, akachukua kopo lenye patente zake kwapani. Nyota alikuwa mgongoni kwa bibi yake.

"Unaenda wapi na maua yote ile?" Mama Binti aliuliza.

"Mtoni, Mama. Ninapokea mutu."

"Mutu gani?"

"Mutu ya mambo ya masomo."

Haukuwa uongo kamili. Lakini njiani ulimkaa kooni kama mfupa mdogo wa samaki.

Mto ulikuwa mpana na wa kijivu asubuhi ile, ukungu haujaachia upande wa pili, na mji ng'ambo ulionekana kama mji ambao mtu bado anaufikiria. Mtumbwi ulitokea katikati ya ukungu bila sauti. Lambert alishuka ameshika viatu mkononi na mkoba kichwani. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kidogo, mwenye macho ya mtu aliyelala vibaya wiki nzima.

"Mama Safiya?"

"Miye, papa. Karibu Lubunga."

"Ni mbali?"

"Hapana, papa. Tunafuata reli, kisha tunakata."

Walifuata reli, ambapo majani yalikuwa yameota katikati ya vyuma. Lambert alitembea akihema. Safiya alitembea akiota. Pembeni, katika nyua, wanawake walikuwa wakitwanga sombe, majani ya muhogo, na michi iliitikiana huku na kule, du, du, du. Safiya aliisikia kama mashine yake. Mkono wa chuma ulizunguka. Nyota alikuwa akicheka.

Kisha mchi mmoja uligonga ukingo wa kinu kitupu, mara tatu, sauti kavu. Mbele kidogo kinu kingine kikajibu, mara tatu. Kikafuata cha tatu, mbali zaidi, upande wa kwao.

Kila mwenyeji wa mtaa ule anajua maana ya kinu kitupu. Maana yake ni kwamba mtu mwenye mkoba anakuja, ficheni vitu. Safiya mwenyewe alikwisha kugonga, zaidi ya mara moja. Lakini siku hiyo masikio yake yalikuwa ndani ya pipa la bati, na sauti zile zilipita juu yake kama ndege.

"Watu ya hapa wanapenda sombe," Lambert alisema.

"Sana, papa."

Alielewa alipofika penye ua. Kibao hakikuwepo. Kile kibao alichokiandika kwa mkono wake, SABUNI YA NYOTA, kwa rangi nyekundu, kilikuwa kimeacha misumari miwili tu ukutani. Ndani, ua ulikuwa umefagiwa mpaka mistari ya ufagio ilionekana kama maji yaliyotulia. Mafiga yalikuwa yametoweka na mahali pa moto palikuwa na mchanga mbichi. Ndoo ya majivu haikuwepo, wala fremu za mbao za kugandishia sabuni, wala ile mirundo ya vipande vilivyokuwa vikikauka kwenye uchaga. Palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka Mama Binti akimenya karanga, mtoto amelala mgongoni. Kando yake Odile alichambua mchele kana kwamba amezaliwa akichambua mchele.

Safiya alisimama.

"Salamu, mama," Lambert alisema. "Nimekuja kuona kazi ya sabuni."

"Sabuni?" Mama Binti aliinua macho taratibu. "Kama unataka kunawa, maji iko pale."

"Hapana kunawa. Sabuni munatengeneza hapa."

"Hapa tunamenya karanga."

"Ya kuuza?"

"Ya kukula."

"Na meno yenyewe ya Mama iko ya kuhesabu," Odile alisaidia.

Lambert alitazama mchanga. Uzi mwembamba wa moshi ulikuwa ukichungulia katikati yake. "Na hapa, mulikuwa na moto?"

"Baridi ya asubuhi," alisema Mama Binti, na jasho lilimteremka kwenye shavu.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Kitandani, chini ya chandarua, kulikuwa na umbo kubwa la duara lililofunikwa blanketi mpaka juu, na chandarua chenyewe kilikuwa na ukungu ndani, kama mto ulivyokuwa asubuhi. Harufu ya mawese ilikuwa nzito kiasi cha kuegemea.

"Na yule pale?"

"Mugonjwa."

"Anaumwa nini?"

"Homa," Mama Binti alisema. "Homa kali. Ukimugusa, utaungua."

Lambert alikaa kwenye kiti walichompa, akafungua mkoba, akatoa fomu yenye mwandiko mzuri wa Safiya, akaiweka juu ya goti.

"Bon. Niwaambie ukweli," alisema, si kwa hasira. "Huu mutaa, wiki zilizopita, miye nimekwisha kuingia nyumba tatu kabla ya hii. Ya kwanza, nilikuta watu kwa mukeka. Ya pili, mukeka. Ya tatu, mukeka na karanga. Nikirudi kule wananiuliza, Lubunga watu wanafanya kazi gani? Na miye ninaandika kile macho yangu iliona." Alitoa kalamu. "Leo macho yangu iliona karanga. Mama Safiya, uko na kitu ya kuniambia?"

Safiya alifungua mdomo.

Kulikuwa na maneno mepesi sana ya kusema. Angeweza kusema, papa, inua blanketi. Angeweza kufungua kopo. Lakini majirani walikuwa wamekwisha kujipanga nyuma ya ukuta, vichwa tu vikionekana, na kila mmoja alikuwa amesikia Mama Binti akisema kwamba hakuna sabuni. Mama Binti, ambaye miaka ile mingine alishindwa kusema uongo hata kuokoa cherehani yake mwenyewe. Safiya alitazama mikono ya mama mkwe wake. Maganda ya karanga yalikuwa yakiangukia kwenye kikapu cha karanga, na karanga zilikuwa zikiangukia kwenye maganda. Alikuwa anasema uongo wa kwanza wa maisha yake, vibaya, mbele ya mtaa mzima, kwa ajili ya sabuni ya mke wa mwanawe.

Mwanamke hawezi kumsimamisha mama mkwe wake mbele ya mgeni na kumwita mwongo. Si kwa mashine, hata ingekuwa ya dhahabu.

Safiya alifunga mdomo, akaumeza ule mfupa.

"Papa," alisema, "vile mama amesema, ni vile."

Ndani ya kichwa chake mkono wa chuma ulizunguka mara moja tena, polepole, ukasimama.

Lambert aliandika neno moja au mawili, akafunga mkoba. "Sawa. Kodi yako utaendelea kuilipa yote, basi, na mukono utaendelea kukoroga karanga."

"Nitakusindikiza, papa," Safiya alisema, na sauti yake ilitoka ndogo.

Walikuwa wamefika kwenye mlango wa ua, Lambert mbele, yeye nyuma, kopo likiwa bado kwapani, alipoitwa kutoka mkekani.

"Mama Nyota."

"Mama."

"Hiyo kopo, unaibebea nini?"

"Iko na karatasi, Mama."

"Karatasi gani?"

"Ya patente."

Mama Binti aliacha kumenya. Aliwaza sawasawa, kama mtu anayetafuta ncha ya uzi. "Mutu anatoka asubuhi na nguo ya sikukuu. Anabeba karatasi ya patente. Anaenda mtoni, anamuchukua mutu ya Leta, anamuleta mpaka nyumbani kwa mukono." Aliweka kikapu chini. "Safiya. Huyu mutu, ulimuita weye?"

"Ndiyo, Mama."

Nyuma ya ukuta mtu aliachia "Ehee" ndefu.

"Kwa nini?"

Safiya alikuwa na maneno yote ya Mwalimu Sandrine, yaliyopigwa mstari chini. Hakutumia hata moja. "Mukono wangu umechoka, Mama. Na moshi inamukoholesha Nyota. Kuko mashine ya kukoroga. Wao wanatoa nusu ya bei. Nusu ingine ninatoa, kisha wanaikata kwa kodi yangu, kidogo kidogo. Lakini lazima mutu aone kazi kwanza. Ni huyu."

"Na hukuniambia."

"Niliogopa, Mama. Niliogopa isipokuja, uniangalie vile unaangaliaga ile fasi ya cherehani."

Katika pembe ya baraza, mahali ambapo cherehani ilikuwa imesimama zamani, hapakuwekwa kitu kingine tangu hapo, na sasa kila mtu alipatazama, hata Lambert ambaye hakujua anatazama nini.

"Weye," Mama Binti alimwambia mgeni. "Ulizaliwa wapi?"

"Banalia, mama."

"Mama yako alikuwa anauza nini?"

"Mafuta ya mawese." Lambert alihamisha mkoba kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Watu ya Leta wakifika, tulikuwa tunalaza madumu kwa kitanda ya bibi, tunaifunika pamoja naye. Tunasema bibi amekufa. Sisi watoto tunalia. Bibi alikuwa anakufa kila mwezi, mama. Mara moja alikufa siku mbili mufululizo. Ile kinu yenu, niliisikia tangu reli."

Midomo ya Mama Binti ilicheza kidogo. Alikung'uta maganda kwenye liputa lake, akasimama kwa kushika goti, akamweka mtoto vizuri mgongoni.

"Papa, rudi ukae," alisema. "Mugonjwa amepona."

Odile alianza kucheka, akashindwa kujizuia, mchele ukamwagika.

Chandarua kiliinuliwa. Blanketi likatoka, na la pili chini yake, na sufuria ya harusi ikatokea katika wingu lake lote, bado ya moto, na ndani yake sabuni ilikuwa imetulia, rangi ya asali iliyokomaa. Lakini ilikuwa inaanza kugandia pembeni. Bila moto na bila mwiko ingekuwa tofali moja la kutupwa.

"Mafiga," alisema Safiya. "Haraka. Mafiga iko wapi?"

Hapo ndipo shida ilipoanza. Mafiga yalikuwa kwa fundi viatu, mwiko ulikuwa umetupwa juu ya paa la jirani, na fremu, ndoo na vipande vyote mia mbili na zaidi vilikuwa vimetawanyika kwenye nyumba tisa. Kinu kitupu kinawaambia watu waondoe vitu. Alama ya kuvirudisha haipo. Hakuna aliyewahi kuihitaji mtu wa Leta akiwa bado amekaa uani.

Odile alitumwa, akarudi mikono mitupu. "Hawakubali. Wanasema nimelazimishwa. Mama wa pale pembeni aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimefungwa."

"Na saa?" Safiya aliuliza.

"Saa tano imekwisha," Lambert alisema. "Mutumbwi wangu ni saa sita."

Mama Binti alitoka mwenyewe. Alikwenda mlango kwa mlango, mtoto mgongoni, na aliyemwona akipita alijua kwamba mwanamke huyu, hata leo, hawezi kusema uongo wa pili. Safiya alikuwa amepiga magoti akipuliza makaa aliyoyafukua mchangani, liputa la sikukuu limejaa majivu, aliposikia minong'ono njiani, halafu miguu.

Walikuja mmoja mmoja, kama watu wanaotembea usingizini. Fundi viatu alikuja na jiwe kila mkono na la tatu juu ya kichwa. Mwanamke wa pembeni alileta vipande vya sabuni chini ya majani ya sombe. Mwingine alivileta ndani ya ngoma, mwingine ndani ya beseni alilokuwa anaogea mtoto, na vingine vilikuwa vimeanza kutoa povu. Ndoo ya majivu ilifika ikiwa imevishwa kitambaa kichwani kama bibi harusi. Ua ulijaa. Safiya alikuwa akikoroga, mvuke ulikuwa umerudi juu ya ukuta, na kupitia mvuke huo aliwaona wote wakiweka vitu vyake chini, kwa upole, kila kimoja mahali pake hasa, bila kuuliza. Kumbe walijua mahali pa kila kitu. Alifikiri labda anaota, ila moshi ulimchoma macho, na kwenye ndoto zake moshi haukuwepo.

Lambert alisimama, akapiga picha kwa simu yake. Aligusa sabuni. Alinusa. Alisoma patente mbili kwa utaratibu, akapitisha kidole juu ya muhuri wa zambarau. Kisha akafuta maneno yake ya kwanza kwenye fomu, kwa mstari mmoja, akatia sahihi kando.

"Wafanyakazi ni wangapi?"

"Wawili, papa. Miye na Odile."

"Na hawa wote?"

"Hawa ni majirani. Wanafichaga tu."

"Fomu haina mustari ya hiyo," Lambert alisema, na ilionekana kwamba alisikitika kidogo. "Kimebaki kibao. Lazima jina ya biashara ionekane kwa picha."

Kibao kilifika saa sita kasoro robo, kikibebwa kama sinia. Mlinzi wa reli alikuwa amekilaza magotini na kuweka lituma yake juu. Walikipangusa. Alama ya mafuta ilibaki kwenye herufi mbili, na hivyo ndivyo kilivyopigwa picha, kimeshikwa na Mama Binti aliyesimama wima, uso mkavu, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Mgeni alipoondoka, Mama Binti alimfungia karanga kwenye jani la ndizi. "Zile zenye maganda ndani," alisema, "usinilaumu. Mukono ulikuwa unatetemeka."

Jibu lilikawia majuma tisa. Safiya aliendelea kukoroga. Sasa Odile aliuliza "Umefika?" kwa sauti nyingine, na Mama Binti, kutoka kwenye mkeka, aliuliza nini kinachoonekana leo, na iwapo ile mashine ina kifuniko. Mtaa mzima ulikuwa ukiota ndoto moja, kila mtu na upande wake. Barua ilipokuja ilisema ndiyo. Nusu wanatoa, nusu Safiya aliipata kwenye zamu yake ya likelemba, ule mchango wanaopokezana wanawake wa darasa, na karatasi ya pili yenye muhuri ilisema sehemu ya hiyo nusu itakatwa kwenye kodi yake miaka miwili ifuatayo. Siku ya kuletwa mashine haikuandikwa.

Alhamisi moja Safiya alikuwa amevuka kuuza sabuni sokoni. Alirudi alasiri, beseni tupu likiwa kichwani, jua likimulika reli. Alipokaribia nyumbani hakusikia mchi hata mmoja. Kwenye mlango wa ua alisimama.

Kibao hakikuwepo. Ua ulikuwa umefagiwa, mistari ya ufagio imenyooka kama maji yaliyotulia. Mama Binti alikuwa kwenye mkeka, akimenya karanga. Odile alikuwa akichambua mchele.

"Mama," Safiya alisema. "Walikuja watu?"

"Watu gani?"

"Odile?"

"Miye niko kwa mchele," alisema Odile bila kuinua kichwa. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Chini ya chandarua kulikuwa na umbo kubwa la duara, limefunikwa blanketi mpaka shingoni.

"Iko mugonjwa," alisema Mama Binti. "Ametoka mbali, papa Lambert alimusindikiza mpaka hapa. Nikasema apumzike kwanza. Huwezi jua nani mwingine anapita na mukoba."

Safiya aliweka beseni chini. Aliingia, akainua ncha ya chandarua. Nyota alikuwa amepanda kitandani, amelala kifuani mwa kitu kile, kiganja chake kikiwa wazi juu ya bati linalong'aa, na pumzi yake ilikuwa ikichora na kufuta duara dogo la ukungu pale juu.

"Ana homa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Huyu?" Mama Binti alisema kutoka uani. "Huyu iko baridi kabisa. Kaa naye kidogo. Usimuamushe."

Safiya alivua kandambili, akaketi ukingoni mwa kitanda. Mkono wake wa kulia, ambao ulikuwa umezoea kuzunguka hata ukiwa mtupu, aliuweka juu ya goti, na ukakaa.